Shimo la Sita

Mkaguzi alikuwa haamini shimo ambalo mtu hajaliingia. Umwambie umechungulia, atakuuliza, "Umechungulia kwa nini, huna miguu?" Umwambie mwenzako ameshuka na amekueleza kila kitu, atakutazama kwa huruma. "Basi mwenzako ndiye aandike," atasema. "Wewe nenda kanunue karanga."

Jina lake nalijua, la baba yake pia, ila hapa siliandiki. Kazini na mtaani alikuwa Mkaguzi tu, na hata barua zilimfika kwa jina hilo. Nilifanya naye kazi miaka minane, karani wake wa uwanjani, na ninayoyasema nayasema kwa uchungu. Anayetaka kusikia sifa tupu akaulize kwingine.

Kazi yake ilikuwa kutangulia. Pakitaka kujengwa tangi la maji la umma, kisima, au kioski cha kuchotea, yeye anafika kabla ya wajenzi na majembe yake, chekeche na kamba. Anachimba mashimo ya majaribio hapa na pale kuona chini kuna nini: makaburi, misingi ya nyumba za zamani, vigae vya vyungu, chochote cha watu waliokuwepo kabla yetu. Akikuta kitu anaandika, na ujenzi unasimama mpaka kile kitu kitolewe kwa heshima yake. Asipokuta anatoa karatasi ya ruhusa. Bila karatasi ile wafadhili hawaleti hata mfuko mmoja wa saruji.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na viatu vya mchuchumio. Ndiyo, nicheke! Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nimeambiwa nimepata kazi ya ukarani, nikajua ni meza na feni. Mkaguzi akanitazama miguuni, akateremsha ngazi kwenye shimo lililonizidi urefu. Nikashuka pekupeku.

"Unaona nini?" akaniuliza toka juu.

"Mchanga."

"Mchanga wa rangi gani?"

"Wa rangi ya mchanga."

Vibarua wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikaa ukingoni anamenya chungwa, akaniacha mle mpaka nikaona kwamba ukuta wa shimo una rangi tatu: kahawia juu, kijivu yenye mkaa katikati, na chini nyeupe kabisa. Nilipopanda nilikuwa na hasira ya kutosha kumtukana. Akanipa penseli. "Sasa jaza fomu na utie saini. Aliyeshuka ndiye anayesaini." Ile ndiyo ilikuwa amri yake kuu, na kila shimo tulilochimba Dar hii nzima, toka Magogoni mpaka Ilala, lilikuwa na saini ya mtu aliyeingia ndani yake.

Alikuwa akivaa tai. Juani, shimoni, kwenye tope, tai ipo, ameichomeka kati ya vifungo vya shati isiburuze. Sampuli za udongo alizitia kwenye maganda ya viberiti, kila ganda limeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo zilizonyooka. Nyumbani kwake, sebuleni, viberiti vilijaa kabati ambalo kwa wengine lingekaa vyombo vya wageni. Mkewe aliniambia siku moja kwamba akitaka kuwasha jiko inabidi atikise kwanza asikie ndani kuna njiti au kuna mtaa wa watu.

Neno "nafikiri" alilikata kwa wino mwekundu. "Hilo peleka kijiweni," alikuwa akisema. "Fomu inataka ulichokiona." Mtu yuleyule, aliyeshika mafuvu ya kale kwa mikono mitupu, akimwona mjusi kafiri ukutani anatoka mbio chumba kizima kimtazame. Mara moja alitoka shimoni bila ngazi. Mpaka leo sijui alipandaje.

Kila shimo likiisha, kabla ya kulifukia, alitia kizibo cha soda chini kabisa. Si uchawi. Watu wa kazi yetu wana desturi hiyo: atakayechimba hapo miaka ijayo akikuta kizibo, ajue kuna mwenzake alishafika mpaka kina hicho, na udongo wa juu yake umeshachezewa. Wakati wa shida, soda yenyewe tuliipata kwa msimu, na vizibo alivitunza kwenye bahasha. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka ya Kariakoo yakafurika, soda za kila rangi, basi Mkaguzi akawa anachagua kizibo kama bi harusi anayechagua kanga. "Huyu atakayechimba," alikuwa akisema, "hatujuani. Lazima nimwambie ukweli kuliko hata ninyi." Nilidhani ni utani.

Kwenye drafti alikuwa mwizi. Nalisema hili kwa sababu mtaani kwake wote walilijua na wakampenda nalo. Hakuwa anahamisha kete, hapana, mkono wake hukuukamata hata siku moja. Alikuwa anakupigisha stori, anakusifia, anakuuliza habari za watoto, mpaka wewe mwenyewe unasogeza kete unayoitaka yeye. Ukishaliwa ukilalamika, anainua mikono miwili: "Aliyecheza nani? Mimi nimegusa?" Watu wanacheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka. Mjinga mimi.

Ila nisimwonee. Mama yangu alipofariki, sisi kwetu hatuna mtoto wa kiume, na wajomba walikuwa mbali, Songea, hawakuwahi. Mkaguzi ndiye aliyevua viatu akaingia kaburini kumpokea mama. Mimi mwanamke sikwenda makaburini, lakini walionirudishia habari walisema alimlaza kama analaza mtoto aliyesinzia, akapanga viunza mwenyewe, vile vibao vya kumkinga maiti asiangukiwe na udongo, akavisukuma kimoja kimoja kuona kama vimekaa. Alirudi na tai imejaa vumbi, akakaa na wanaume kwenye mkeka mpaka matanga yakaisha. Baada ya hapo, angeniambia jua linatoka magharibi, Ubungo, ningesaini.

Kisha wakaja kutupunguza. Serikali ilikuwa imechoka kulisha ofisi nyingi, soko huria limeingia, tukapewa barua za kushukuriwa kwa utumishi wetu. Mkaguzi aliisoma yake amesimama, akairudisha kwenye bahasha, akamalizia kuandika lebo ya kiberiti aliyokuwa ameianza. Baada ya miezi michache akasajili kampuni yake mwenyewe. Kampuni! Meza moja, nyuma ya duka la madaftari, Kariakoo, la familia moja ya Kihindi.

Jinsi alivyoipata meza ile ni kisa kizima. Mwenye duka, Mhindu mmoja mwenye maneno mengi na roho safi, alikuwa akijivunia nyumba ya babu yake, akiwaambia watu ndiyo ya kwanza ya ghorofa pale mtaani. Akamwita Mkaguzi aithibitishe kwa maandishi, apate kuitundika dukani. Mkaguzi akakagua hati, matofali, boriti, mpaka chini ya ngazi. Halafu akamwambia mbele ya wateja, "Babu yako aliinunua nyumba hii ikiwa na paa la makuti. Ghorofa ni ya baba yako." Lahaula! Mwezi mzima hawakusalimiana. Mwezi wa pili mwenye duka akamtumia ujumbe aje achukue meza ya nyuma. "Mtu kama huyu," aliniambia mimi, "anakuudhi mbele. Nyuma hana kitu." Nilikubaliana naye kwa moyo wote.

Akanichukua niendelee kuwa karani. Ndivyo tulivyopata kazi ya tangi la mtaani kwetu.

Lazima mjue hali yetu ya maji ilivyokuwa. Mabomba yalikuwa mapambo. Tulinunua kwa madumu toka kwa wasukuma mikokoteni, na mkokoteni usipopita, hakuna kuoga, hakuna kupika maharage. Kwa hiyo iliposikika wafadhili watajenga tangi kwenye kiwanja kilichokuwa wazi nyuma ya nyumba zetu, na kioski cha kuchotea pembeni yake, watu walipiga vigelegele. Kiwanja kile zamani kilikuwa nini hakuna aliyejali. Tulikikuta kina takataka na mafundi gereji.

Aliyejali ni mtu mmoja, Bibi Somoe, nyumba ya nne toka kwetu. Alikuwa mtu wa Kusini, alikuja mjini akiwa msichana, na mumewe kibarua wa bandarini. Alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga, na meno yake yote yalikuwepo. Alimfuata Mkaguzi siku ya kwanza tu tulipofunga kamba, akapiga magoti kidogo kwa adabu japo umri hawakupishana sana.

"Baba," akasema, "mimi maji nayataka. Mgongo wangu huu unayataka kuliko wote. Ila hapa nilimzika mwanangu wa kwanza. Tulikuwa watu wachache wa kwetu, hatuna kitu, tukazika hapahapa kabla serikali haijatukataza. Alikuwa na mwaka na nusu. Mtoeni kwanza, mnipe nikamzike kwenye makaburi ya watu. Halafu jengeni."

"Wapi hasa, Bibi?"

"Hatua saba toka ule ukuta wa kiwanja. Lakini ukuta walishauvunja wakaujenga upya. Sijui wameusogeza."

Mkaguzi hakumwambia "nafikiri". Alitembea hatua saba toka ukutani, akachomeka kijiti. "Hili litakuwa shimo la sita," akasema. "Ni lako, Bibi. Akiwepo tutamkuta." Bibi Somoe alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nikajisikia fahari kuwa upande wa mtu yule.

Mashimo matano niliingia mwenyewe. Kigae kimoja cha sahani ya kizungu, misumari, mifupa ya kuku. Vizibo vitano. Wakati huohuo mhandisi wa kampuni iliyopewa ujenzi alikuwa akija na pikapu yake kila asubuhi, anamvuta Mkaguzi pembeni, wanaongea kwa sauti ya chini, anaondoka. Siku ya shimo la sita, Mkaguzi alinituma mtaa wa Gerezani kwa fundi nikatengeneze wavu wa chekeche, ulikuwa umetoboka. Ulikuwa umetoboka kweli. Nilikwenda, nikasubiri fundi amalize kazi za watu, nikarudi adhuhuri.

Nikakuta shimo limefukiwa, limeshindiliwa, limesawazishwa. Vibarua hawapo. Mkaguzi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifuta jasho kwa ncha ya tai.

"Vibarua je?"

"Niliwaruhusu asubuhi. Shimo lenyewe moja, nimelimaliza mwenyewe." Akanipa ubao wa kuandikia wenye fomu. "Mchanga mtupu, mweupe mpaka chini. Jaza hivyo, usaini. Mhandisi yuko njiani."

"Lakini Mkaguzi, mimi sikushuka."

Alinitazama kwa uchovu, uso wa mzee aliyechimba peke yake juani. "Binti, mimi sasa ndiye mwenye kampuni. Siwezi kusaini kama mchimbaji nikasaini tena kama mkaguzi, karatasi itakataliwa. Miaka minane hii, huniamini?"

Nikasaini. Hakunishika mkono, hakunitisha. Nilisaini kwa hiari, tena kwa haraka, nimeona aibu kwa kuuliza.

Jioni Bibi Somoe alikuwa ananisubiri barazani kwetu. Hakukaa. "Mmemkuta?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Mchanga mtupu."

"Umeshuka wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema ameshuka Mkaguzi. Ingetosha. Lakini macho yake yalikuwa yananiomba, na mimi nilitaka atulie, nilitaka aniamini kama mimi nilivyomwamini Mkaguzi, nikasema, "Nimeshuka, Bibi. Wallahi nimeshuka mwenyewe."

Aliinamisha kichwa. "Basi ni uzee," akasema. "Nimesahau nilipomweka mwanangu. Mnisamehe kwa kuwachosha." Kesho yake aliniletea mihogo kwenye sahani, imefunikwa na kitambaa kisafi. Nikaila! Mungu anisamehe, nikaila na chachandu.

Ujenzi ulianza wiki iliyofuata. Greda lilichimba msingi, lori likawa linabeba udongo kwenda kujaza bonde huko Jangwani, mtu mmoja alikuwa anainua kiwanja chake. Siku ya pili, mchana, kibarua mmoja alitoka kwenye msingi ameshika vibao vitatu vyeusi. Vifupi. Vifupi kuliko mkono wangu. Alikuwa kijana wa Kiislamu, alivijua. Alisimama navyo katikati ya kiwanja, hathubutu kuviweka chini, anauliza kwa sauti, "Jamani, hivi si viunza vya mtoto?"

Walisimamisha greda. Walichekecha udongo uliobaki, hawakupata kitu. Vilivyokuwa chini ya vibao vile vilikwishakwenda na lori, trip ya ngapi, hakuna aliyejua. Bibi Somoe alifika anakimbia na kanga moja. Alivipokea vile vibao vitatu, akavipakata. Hakulia. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Wakatuita ofisi ya kata. Bibi Somoe yupo, wazee wa mtaa wapo, mhandisi amekaa karibu na mlango. Mwenyekiti akauliza ilikuwaje karatasi ikasema hakuna kaburi. Nilimgeukia Mkaguzi. Nilikuwa na hakika kabisa, nawaapia, kwamba atasimama aseme: shimo lile nilichimba mimi, kosa ni langu. Nilikuwa hata nimeshaandaa maneno ya kumtetea.

Alifungua jalada. Akavaa miwani. Akaitoa fomu ya sita, akaiweka mezani, akaigeuza iwaelekee wao.

"Kwetu sisi," akasema kwa sauti yake ileile ya kufundisha, "aliyeshuka ndiye anayesaini. Someni wenyewe."

Wakasoma jina langu. Mwenyekiti alilisoma kwa sauti, mara mbili, la kwangu na la baba yangu. Ningesema nini? Nikisema sikushuka, Bibi Somoe yuko pale, nilimwapia kwa Mungu kwamba nimeshuka. Nikinyamaza, basi nilimwona mtoto wake nikamficha. Nikanyamaza. Alinitosa hivyo, mbele za watu wa mtaani kwangu, kwa amri aliyonifundisha yeye, na hakugusa kete hata moja.

Sikurudi tena kwenye ile meza ya nyuma. Nilianza kuuza ndoo na mabeseni, biashara ambayo sasa ndiyo inaniweka mjini. Tangi lilikwisha, maji yakatoka, watu wakanisamehe kadiri walivyozoea kunywa. Bibi Somoe alivizika vile vibao makaburini, na shehe akamsomea. Lakini kwenye kioski kile hakuchota hata siku moja. Aliendelea kununua kwa mikokoteni, anahesabiwa bei ya mbali, na mimi namwona. Tuliamkiana. Nasema "Shikamoo, Bibi," anaitikia "Marahaba," basi.

Miaka yote ile niliishi na jibu langu kichwani: Mkaguzi alichimba, akamwona mtoto, akamfunika. Nililirudia nikiosha vyombo, nikipanga ndoo. Alimwona akamfunika. Nilimchukia kwa hilo, na chuki ile ilikuwa inanipumzisha, maana kosa lake lilikuwa kubwa, langu likaonekana dogo.

Kisha nikamkuta sokoni Mchikichini. Nilikuwa nimefuata mtumba wa watoto, nikaona mgongo nikaujua. Amekonda, tai ipo, amekaa kwenye kigoda cha muuza viatu, amelipindua buti la mtumba anasoma soli.

"Shikamoo, Mkaguzi." Mdomo ulisema wenyewe, mazoea.

"Marahaba, binti." Hata hakushtuka. "Njoo uone. Aliyekivaa hiki alikuwa anakanyagia nje, na alikaa sehemu ya kokoto. Halafu akahamia kwenye lami. Unaona? Tabaka mbili."

Mh. Nikajikuta nimeinama naangalia. Hiyo ndiyo shida ya kupenda alichokufundisha mtu. Nikanyooka.

"Mkaguzi, nina swali moja. Nijibu kama ulivyokuwa unataka tujaze fomu."

"Uliza."

"Shimo la sita. Uliona nini?"

Aliliweka buti chini, taratibu, jozi yake ikae pamoja. "Sikuchimba," akasema.

"Hukuchimba nini?"

"Sikuchimba, binti. Nilikwangua juu, kina cha kiganja. Nikarudishia, nikashindilia kwa miguu."

Kelele za wapiga mnada wa nguo zilikuwa kila upande, "mia mbili mbili, chagua mwenyewe!", nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Ningechimba ningemkuta," akasema. "Bibi yule hakuwa amesahau kitu, nilijua tangu nilipopiga hatua. Nikimkuta lazima niandike. Mimi siwezi kukiona kitu nikaandika sikukiona, unanijua. Mhandisi alishaniambia, kaburi moja tu, tangi linahamia mtaa mwingine, na kazi zao zote nyingine sizipati. Meza yangu ingekufa. Na ninyi mlikuwa hamna maji. Sasa si mnayo?"

Kilichoniunguza si maneno. Ni kwamba alisema "unanijua" kwa fahari kidogo. Kweli alikuwa hajawahi kuandika uongo. Uongo niliuandika mimi.

"Ulitia kizibo?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Hapana." Kwa mara ya kwanza alitazama chini. "Hicho sikuweza. Atakayechimba baadaye angedhani mtu alifika mpaka chini. Ningemdanganya."

"Kizibo ulikionea haya!" Nilipiga kelele, muuza viatu akageuka. "Kizibo, Mkaguzi! Na mimi je? Mimi uliyenizikia mama yangu?"

Alichukua tena buti, akalishika tu. Akauliza, "Bibi yule yupo?"

"Yupo."

"Basi mwambie nilitafuta. Mwambie nilichimba mpaka nikafika maji, sikumwona. Atatulia." Akanigusa mkono. "Wewe unajua kuongea naye."

"Njoo umwambie mwenyewe. Si mbali, tutakwenda pole pole."

"Miguu yangu mibovu, binti," akasema, na palepale akaiingiza kwenye yale mabuti, akasimama, akapiga hatua mbili tatu kuyajaribu. Nilimwacha anapatana bei.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Somoe, nikamkuta barazani anapeta mchele. Nilikaa chini, sakafuni, si kwenye mkeka. Nikamwambia yote kwa mpangilio. Kwamba yule mzee hakuchimba, alikwangua na kushindilia. Kwamba mimi nilikuwa Gerezani. Kwamba nilisaini, nikaja kumwapia kwa Mungu kuwa nimeshuka, na sikushuka, hata ukingo wa shimo lile sikuuona likiwa wazi, kwa sababu halikuwa wazi kamwe.

Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa namwomba Mungu anitukane.

"Mimi nilijua mlimwona mkanificha," akasema mwishowe. "Niliwalaani, wewe na yule. Nimewalaani kila swala. Lakini nikimaliza kulaani nilikuwa najiambia, haya, angalau mtu mmoja alimfikia mwanangu, akamtazama, akamrudishia mchanga." Akauweka ungo chini. "Kumbe hata kuonwa hakuonwa."